Klozapini: Kwa nini damu ya mgonjwa hupimwa kila wiki

Mjini London, mgonjwa wa akili anayeanza kutumia dawa ya klozapini hutolewa damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, kisha kwa vipindi virefu zaidi. Majibu yakionyesha hatari, dawa husimamishwa.

Masharti hayo yana historia. Mwaka 1975 wagonjwa kadhaa nchini Finland walifariki dunia baada ya chembe zao nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga ya mwili, kupungua mno. Dawa ikaondolewa katika nchi kadhaa. Uingereza iliiruhusu mwaka 1990, baada ya utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1988 kuonyesha kuwa huwafaa wenye skizofrenia walioshindwa kupata nafuu kwa dawa nyingine.

Kwa Waafrika kuna jambo la ziada. Wengi wao wana chembe nyeupe chache kwa maumbile, bila ya kuwa wagonjwa. Madaktari wakithibitisha hali hiyo, hutumia kiwango tofauti cha kupimia, ili mgonjwa asinyimwe dawa bila sababu. Familia inaweza kuuliza kuhusu suala hilo.

Usingizi mzito, kutokwa na mate na kunenepa ni madhara ya kawaida. Lakini homa au koo kuuma ni dalili ya kumwona daktari siku hiyo hiyo na kupimwa damu. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kukosa pumzi, hasa katika miezi miwili ya mwanzo, huhitaji msaada wa dharura. Kufunga choo nako kusidharauliwe, kwani matumbo yanaweza kuziba na kusababisha kifo.

Aliyekosa dawa kwa zaidi ya saa 48 asirudie dozi yake ya zamani. Huanza upya na dozi ndogo, chini ya uangalizi wa daktari. Mvutaji sigara naye asiache ghafla bila kuwaarifu wahudumu, kwa sababu moshi huharakisha kuvunjwa kwa dawa mwilini. Moshi ukikoma, kiwango cha dawa katika damu hupanda.

Anayetaka kufunga Ramadhani, au kusafiri kwenda Mombasa au Dar es Salaam, hushauriwa kupanga mapema na daktari saa za dawa, akiba ya kutosha na mahali pa kupimwa damu.