Mpaka Upite Wapi, Mpenzi?

Hivi wewe na mwenzio mnaishi upande mmoja? Usicheke. Hata mimi niliona ni swali la kijinga mpaka nilipokwenda likizo Oregon, Marekani, kumtembelea mdogo wangu, nikamkuta amenuniana na mchumba wake kwa sababu ya ramani ya mchezo!

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashi. Mtu anaficha kopo lenye kidaftari ndani, anatangaza vipimo vya mahali lilipo, nawe unalisaka kwa GPS ya simu. Ukilipata unaandika jina lako, unalirudisha palepale, basi. Oregon ndiko kwao. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, kusini mwa Portland. Ndani aliweka vitabu, manati na hata kopo la maharage! Leo yamefichwa makopo zaidi ya milioni 3 duniani.

Sasa mdogo wangu anaishi na kufanya kazi Hood River. Shemeji yuko Portland, kama kilomita 100 kwa barabara. Walikutana wakisaka kopo moja, na tangu hapo wanacheza kama timu. Kikundi chao kikataka kuligawa jimbo katika kanda, kila kanda iwe na michezo na tuzo zake. Wazo poa kabisa. Ila mstari upite wapi?

Nilikwenda nao kwenye kikao. Mmoja akasema watumie kaunti, ziko 36 na mipaka yake inajulikana, hakuna ubishi. Ubishi ukaanzia hapohapo! Kaunti ya Harney peke yake inakaribia ukubwa wa nchi ya Rwanda, lakini sensa ya 2020 ilikuta watu wasiofika 7,600. Multnomah, yenye jiji la Portland, ni ndogo kuliko mkoa wa Dar es Salaam na ina watu zaidi ya 700,000. Kanuni inataka makopo yaachane mita 161 tu, kwa hiyo wa mjini anaweza kupata kumi kabla ya chakula cha mchana, wakati wa Harney yuko barabarani anafuata moja. Tuzo ya makopo mengi hapo si inajulikana itakwenda wapi?

Mwingine akapendekeza Milima ya Cascade: magharibi mvua na misitu, mashariki kukavu. Wa tatu akakumbusha kwamba sehemu kubwa ya kaunti ya Malheur, mashariki kabisa, saa zake ziko mbele kwa saa moja. Mchezo ukifungwa saa sita usiku, ni saa sita ya nani?

Mwishowe wengi wakachagua milima. Hood River mashariki, Portland magharibi. Timu ya wapenzi wetu ikakatwa katikati.

“Si ujiandikishe kwa anwani yangu?” shemeji akamwambia. “Tunaoana Juni, kuna tofauti gani?”

Mdogo wangu akaweka kikombe chini. “Nani kakwambia nitahamia Portland?”

Kimya. Miaka miwili ya uchumba, ukumbi umeshalipiwa, na hawajawahi kuulizana watakaa wapi! Yeye alidhani mume atamfuata, mume naye alidhani mke ndiye atakayehama.

Nikiri kosa langu. Usiku ule nilimwambia aandike tu anwani ya Portland, mchezo huo, nani atajali? Akanikatalia. “Hapana, dada. Nikiandika, atajua nimeshakubali kuhama. Mimi bado sijakubali.”

Nikanyamaza. Alikuwa sahihi.

Kikundi kilirudi mezani wiki iliyofuata. Mpaka ukabaki milimani, lakini wakaongeza mambo matatu ambayo nadhani yanafaa hata kwa klabu yenu ya mbio au ya kupanda milima. Kwanza, mchezaji anahesabiwa kwa kanda anayoishi kweli, na wachumba wenye nyumba mbili wanachagua kanda moja kwa mwaka mzima, wazi mbele ya wote. Pili, tuzo isiangalie idadi tu. Kila kopo lina daraja la ugumu, kuanzia 1 hadi 5, na hilo nalo lipewe pointi. Tatu, muda wa kufunga uandikwe kwa saa moja inayotumika kwa wote.

Na wapenzi wetu? Hawakujiandikisha siku ile. Waliomba wiki mbili, wakatandaza ramani mezani, si ya makopo safari hii, ya nyumba na kazi. Shemeji alikiri hajawahi hata kuulizia kazi upande wa Hood River. Mdogo wangu naye alikiri alikuwa anaogopa kuuliza, asije akasikia jibu asilolitaka. Naondoka, walikuwa bado hawajaafikiana, lakini walikuwa wanaongea, na Juni haikuahirishwa.

Sasa nakurudishia swali, msomaji wangu. Kama kesho mtu angechora mstari kati ya kwako na kwa mwenzio, mngejua nani atavuka? Kama hujui, muulize leo.