Ngome ya Ubongo na Dawa Yenye Shaka

Katika neema za Mwenyezi Mungu ambazo wengi wetu hatuzijui, mojawapo ni ngome aliyoiweka katika kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo. Damu hubeba chakula, na pengine hubeba sumu na vijidudu. Ngome hii hupitisha kifaacho na huzuia kidhuricho.

Mwaka 1885 tabibu wa Kijerumani, Paul Ehrlich, alieleza kuwa rangi alizozitia katika damu ya wanyama zilienea viungoni, ubongo ukabaki mweupe. Mwaka 1967 huko Marekani, Reese na Karnovsky walionyesha kwa darubini ya elektroni jinsi chembe za kuta hizo zilivyoshikamana bila ya kuacha upenyo.

Mtu apatwapo na kiharusi, ngome hii huvuja. Maji ya damu hupenya, ubongo huvimba, na pengine damu yenyewe humwagika ndani.

Ndipo jamaa wa mgonjwa, kwa huzuni na mapenzi, husikia habari za dawa za peptidi. Peptidi ni mnyororo mfupi wa vitu vile vile vinavyojenga protini. Insulini ya wenye kisukari ni ya jamii hiyo. Dawa mojawapo ni Cerebrolysin, iuzwayo katika nchi kadhaa za Ulaya ya Mashariki na Asia. Je, msomaji, wajua asili yake? Ni ubongo wa nguruwe.

Wako watakaosema: dharura huhalalisha. Ni kweli; aya ya 173 ya Sura ya Al-Baqara imemwondolea dhambi aliyeshurutika pasi na kutamani wala kupita kiasi. Lakini dharura ina masharti: isipatikane dawa ya halali badala yake, na tabibu mwaminifu awe na dhana yenye nguvu kuwa itamfaa mgonjwa.

Sharti hili la pili husahauliwa. Wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kuyapima majaribio ya dawa, walieleza mwaka 2023 kuwa Cerebrolysin, ikitolewa mapema kwa kiharusi cha mshipa kuziba, yaelekea haipunguzi vifo, na huenda ikazidisha madhara makubwa. Hata nerinetide, peptidi iliyoundwa katika maabara, ilipojaribiwa kwa wagonjwa 1,105, matokeo ya mwaka 2020 hayakuonyesha faida kwa jumla yao. Basi iko wapi dharura, ikiwa asili ni haramu na manufaa ni shaka?

Lenye yakini ni kufanya haraka. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, mpelekeni mgonjwa hospitali saa ile ile. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha kuhakikisha kuwa damu haikumwagika ubongoni. Na aliye mzima apime shinikizo la damu, kwani ndilo sababu kubwa ya maradhi haya.

Enyi vijana, wazee wenu wakiandikiwa dawa, ulizeni kwa adabu mambo mawili: imetengenezwa kwa kitu gani, na imethibitika kuwa yafaa? Wala msiikatize kabla ya kushauriana na tabibu na mwanachuoni. Kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), na kuuliza ni katika amana ya kumtunza mgonjwa.

Wabillahi taufiki.