Kabla ya Upasuaji wa Ini, Zungumza na Mtaalamu wa Nusukaputi

Mgonjwa anapopangiwa upasuaji wa saratani ya ini, familia humuuliza daktari mpasuaji maswali mengi. Ni wachache wanaouliza kuhusu nusukaputi, ilhali dawa hizo huchangia maumivu atakayosikia mgonjwa akiamka na jinsi akili yake itakavyorejea.

Usingizi wenyewe huletwa kwa gesi ya kuvuta au kwa dawa inayopitishwa kwenye mshipa, kama vile propofoli. Njia zote mbili hutumika, na mtaalamu huchagua kulingana na hali ya mgonjwa.

Maumivu

Kidonda cha upasuaji huu mara nyingi huwa chini ya mbavu, hivyo kupumua na kukohoa huuma. Mtaalamu anaweza kuongeza ganzi mgongoni au kwenye neva za tumbo ili mgonjwa ahitaji mofini kidogo. Ini ndilo huvunjavunja mofini. Likiwa dhaifu, dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kumlevya mgonjwa.

Hata hivyo, ganzi ya mgongoni haimfai kila mtu. Ini likiugua, damu huenda isigande vyema, na sindano ikasababisha damu kuvuja karibu na uti wa mgongo.

Kuchanganyikiwa

Katika siku za kwanza, baadhi ya wagonjwa, hasa wazee, husahau walipo, hukesha usiku au hunyamaza kupita kawaida. Huo si wazimu wala uchawi, na kwa wengi hupita. Lakini huenda pia ikawa dalili ya maambukizi au ya ini kushindwa kufanya kazi, kwa hivyo mjulisheni muuguzi mara moja.

Familia inaweza kusaidia kwa kumletea mgonjwa miwani yake, kumkumbusha siku na mahali alipo, na kumwacha alale usiku.

Usifiche haya

Kabla ya upasuaji, mweleze mtaalamu wa nusukaputi:

- dawa zote unazotumia, zikiwemo za kienyeji;
- kiasi cha pombe unachokunywa;
- iwapo umeanza kusahau mambo;
- iwapo wewe au jamaa yako aliwahi kudhurika na nusukaputi.

Wengine huficha pombe kwa aibu. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla wodini anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kupata kifafa. Daktari akijua mapema, atajiandaa.