JANGWA LA KASKAZINI SI NCHI TUPU

Msafiri aondokaye Isiolo kwenda Marsabit, mwendo wa kilomita 260 hivi, huona mawe, mchanga na miti ya miiba, akaamua moyoni mwake kwamba nchi ile haina mwenyewe wala utaratibu. Lakini akikaa siku chache na kutazama vizuri, hana budi kubadili mawazo.

Kwanza ni habari ya maji. Katika visima virefu vya Ulanula, karibu na Marsabit, vijana husimama shimoni mmoja juu ya mwenziwe, wakipokezana ndoo na kuimba ili mikono yao iende pamoja. Mgeni husikia nyimbo akadhani ni mchezo, kumbe ni kazi ngumu yenye kanuni. Miongoni mwa Waborana kila kisima kina ukoo wake, na yuko msimamizi wa zamu, aitwaye abba herega. Ndiye asemaye mifugo ya nani itangulie na ya nani ingoje.

Pili ni habari ya mali. Mtu aonaye ngamia watano tu bomani kwa Mgabra asiharakishe kusema, "Huyu ni maskini." Huenda wengine wamo mikononi mwa jamaa zake. Mgabra humkopesha mwenziwe ngamia jike. Mkopaji hupata maziwa na ndama dume, bali ngamia yule na ndama zake majike hubaki mali ya mwenyewe. Hivyo mhitaji hupata chakula, na ukame ukipiga upande mmoja, mali yote haipotei.

Kuiita nchi hiyo tupu kumeleta hasara. Karibu na Ziwa Turkana, malisho ya ekari 150,000 yaliandikiwa hati kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo. Wenyeji walikwenda mahakamani mwaka 2014, na mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati hizo zilipatikana bila kufuata sheria. Malisho yale yalionekana kuwa hayana watu kwa sababu wafugaji huhama kufuata mvua. Walakini kuhama siyo kuacha.

Basi yeyote asafiriye upande ule yafaa aanze kwa kuuliza. Afikapo kisimani, asiteke maji kabla ya kujua ni zamu ya nani.