Somo la Redio: Kuchora kwa Kidole Katika Simu

Juma lililopita tulijifunza kuandika barua fupi katika simu. Leo tutajifunza kuchora, nami nina sababu yangu ya kulichagua somo hili.

Nilipata kumwagiza fundi seremala kabati la pembeni mwa chumba. Nilimweleza kwa mdomo, tena kwa kirefu, naye akaitikia, "Nimeelewa, mzee." Siku ya kuleta, lo! mlango ulifungukia ukutani, hata mkono haukupita. Mbao zimekwisha katwa, fedha zimekwisha lipwa. Simlaumu fundi peke yake. Katika maneno yangu yote sikutaja kulia wala kushoto. Picha ya dakika tano ingaliniokoa.

Haya, toeni simu. Iko programu iitwayo Google Keep, iliyotolewa mwaka 2013. Kama haimo katika simu yako, huchukuliwa katika intaneti bila malipo. Ifungue, gusa alama ya kujumlisha, kisha chagua kuchora. Utaona ukurasa mweupe, na chini yake kalamu nyembamba, kalamu nene na kifutio. Ukiigusa kalamu mara ya pili utachagua rangi na unene wa wino.

Sasa piga mstari. Umepinda? Usione haya, wa kila mtu hupinda. Juu ya ukurasa upo mshale unaorudi nyuma. Uguse, na mstari utaondoka. Daftari haliwezi hivyo.

Kwa kazi ya vipimo, gusa zile nukta tatu za pembeni, uweke miraba kama ya daftari la hesabu. Ukisema kila mraba ni sentimeta 10, kabati la sentimeta 120 litachukua miraba 12.

Taabu moja ni kwamba kidole huficha kile unachokichora. Basi weka vidole viwili juu ya kioo, uvitanue, na picha itakua. Wengine huchora kwa ukucha au kijiti, wakadhani simu imeharibika. Sivyo. Kioo hicho kina umeme mdogo sana, nacho hutambua kidole kwa kuwa ngozi yetu hupitisha umeme. Ukucha na kijiti kikavu havipitishi. Jasho nalo hukikoroga kioo, kwa hiyo futeni mikono kwanza.

Msidhani huu ni mchezo wa watoto. Jalada la jarida la The New Yorker la Marekani, toleo la tarehe 1 Juni 2009, lilichorwa na Jorge Colombo kwa kidole katika simu, kwa programu iitwayo Brushes, naye amesimama njiani mjini New York.

Kazi yenu ya juma hili: chora mlango wa nyumba yako na bawaba zake, uandike upana na urefu. Kisha mpe mwenzako picha hiyo bila kusema neno. Akitambua mlango unafungukia upande gani, umefaulu. Juma lijalo tutaipeleka picha kwa mtu aliye mbali. Kwaherini.