Uhai nje ya Dunia: habari itakayofika polepole

Mwaka 1967, mwanafunzi wa Cambridge aitwaye Jocelyn Bell alikuwa na kazi ya kusoma karatasi. Antena aliyoshiriki kuijenga ilichora mistari usiku na mchana, karibu mita 30 za karatasi kwa siku, naye akiipitia yote kwa macho. Mwezi Agosti aliona mkwaruzo mdogo usiofanana na nyota wala na kelele za mitambo ya hapa duniani. Novemba, karatasi ilipopitishwa kwa kasi zaidi, mkwaruzo ule ukafunguka na kuwa mapigo yanayorudi kila baada ya sekunde 1.33, bila kukosea. Je, kuna aliyekuwa anatuita? Kabla ya Krismasi Bell alipata chanzo cha pili, upande mwingine kabisa wa anga. Ni vigumu kuamini kwamba jamii mbili zisizojuana zingetupigia mawimbi ya namna moja kwa wakati mmoja. Ilikuwa ni aina ya nyota ambayo haikuwa imejulikana kabla. Leo zinaitwa palsa.

Ugunduzi wowote wa uhai nje ya Dunia utazaa maswali matatu. Kilichopatikana ni kiumbe cha aina gani? Kiko umbali gani? Na uhakika wetu ni wa kiasi gani? Wengi huuliza la kwanza tu. La tatu ndilo lililomshughulisha Bell kwa miezi, na ndilo ninalotaka tulishike tunapopitia hali zinazoweza kutokea.

Tuanze na aina. Uhai sahili ni viumbe vya seli moja, mfano wa bakteria. Uhai wenye akili ni ule unaoweza kutengeneza vyombo na kutuma ishara. Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5, na kwa sehemu kubwa ya muda huo haikuwa na wakazi wengine ila vijiumbe. Mgeni ambaye angetua hapa siku yoyote ya bahati nasibu angekuta utando wa kijani majini, asikute mtu. Kwa hiyo nasi, tukipata kitu, yaelekea kitakuwa sahili.

Uhai sahili ulio karibu hutafutwa hasa Mirihi. Julai 2024 gari la utafiti la NASA liitwalo Perseverance lilikuta jiwe lenye madoa kama ya chui: kingo nyeusi, katikati peupe. Madoa hayo yana madini ya chuma yaliyochanganyika na fosfeti na salfa. Hapa Duniani madini ya namna hiyo mara nyingi hutengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye tope, lakini kemia tupu nayo yaweza kuyatengeneza. Ndiyo maana ripoti ya kisayansi ya Septemba 2025 ilisema ni dalili inayowezekana ya uhai wa kale, ikaishia hapo. Jambo kama hili likithibitika, athari zake kwa jamii zitakuwa za kiserikali na za kiafya: nani ashike sampuli, ifunguliwe wapi, kwa tahadhari gani. Wanaanga wa Apollo 11 waliwekwa karantini kwa siku 21 mwaka 1969, ingawa karibu kila mtu aliamini Mwezi hauna uhai.

Uhai sahili ulio mbali tutausoma kwenye nuru tu. Sayari K2-18b iko umbali wa miaka ya nuru 124, yaani nuru inayotufikia leo ilitoka huko miaka 124 iliyopita. Aprili 2025 watafiti wa Cambridge walisema wameona katika hewa yake alama za gesi ambayo hapa kwetu hutolewa na vijimea vya baharini. Wengine wakazipima upya takwimu zilezile, wakaona ushahidi ni hafifu. Hapa hakuna cha kugusa wala cha kuogopa. Kitakachoguswa ni fikra na imani za watu.

Ishara ya wenye akili ndiyo hali inayozungumzwa kuliko zote, na uwezekano wake naona ni mdogo zaidi. Swali lake gumu ni nani ajibu kwa niaba ya wanadamu. Mwaka 1974 ujumbe ulitumwa kutoka Arecibo, Puerto Rico, kwa kundi la nyota lililo umbali wa miaka ya nuru takriban 25,000, na sisi wengine hatukuulizwa. Wageni kutua uwanjani ni hali ya filamu. Ushahidi wake haupo.

Turudi sasa kwenye uhakika. Agosti 1996 Rais Clinton alisimama nje ya Ikulu ya Marekani kuzungumzia kimondo kilichookotwa Antaktika, jiwe la Mirihi la takriban kilo mbili, ambalo watafiti walidhani lina mabaki ya vijiumbe. Dunia haikutikisika. Utafiti wa wanasaikolojia uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba Wamarekani waliosoma habari ya namna hiyo walionyesha hisia chanya zaidi kuliko hasi. Sisi hatukupimwa, na sioni sababu ya kudhani majibu ya mtu wa Kigoma au Lamu yangekuwa yaleyale. Wanasayansi wengi hawakukubali ushahidi wa jiwe lile, lakini kukataa huko kulichukua miaka, na hakukupewa nafasi kwenye ukurasa wa mbele.

Mwaka 2021 wanasayansi wa NASA walipendekeza ngazi saba za uhakika, kuanzia dalili ya kwanza hadi uthibitisho wa watafiti wengine huru. Nadhani mzigo mkubwa wa jamii utakuwa kuishi katikati ya ngazi hizo, pengine kwa miongo. Kwa wanahabari wa Kiswahili kazi iko kwenye neno moja, "huenda". Ndilo la kwanza kukatwa kichwa cha habari kinapokosa nafasi, na likikatwa msomaji anapewa ngazi ya saba wakati watafiti wako ya kwanza.

Kipande cha jiwe lile lenye madoa ya chui kimezibwa ndani ya mrija, huko huko Mirihi. Maabara zinazoweza kulimaliza swali lake ziko Duniani, na mpango wa kukileta umekwama kwa gharama.