Stelingi Hafi, Ila Anazeeka

Kama umekulia Tabora mjini, sheria za kibanda umiza unazijua. Unalipa mia mbili, unabanana kwenye benchi, humzibi mwenzako, na hubishani na mtafsiri. Nilikuwa na miaka kama tisa pale Mtendeni tulipowekewa Casino Royale. Ilishatoka kitambo, mwaka 2006, lakini kwetu ilikuwa mpya. Mtafsiri, akijitahidi kuiga sauti ya Lufufu, akatangaza: "Huyu ndo Jemsi Bondi, na leo ndo anaanza kazi!" Kaka mmoja wa nyuma akavunja sheria: "Acha fiksi wewe! Bondi yupo tangu babu yangu hajaoa."

Wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo maana nimeandika makala hii. Mtu anawezaje kuwa wa zamani hivyo halafu leo ndo anaanza kazi?

Bond alitungwa na Ian Fleming, Mwingereza aliyefanya kazi katika ujasusi wa jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Riwaya yake ya kwanza ya Bond ni hiyohiyo Casino Royale, ya mwaka 1953. Filamu zikaanza mwaka 1962 na Dr. No. Kufikia 2002 mfululizo ulikuwa na filamu ishirini na waigizaji watano waliopokezana jina moja. Tatizo halikuwa hela, watu walikuwa bado wanajaa sinema. Tatizo ni kwamba stelingi alikuwa hatishi tena. Katika Die Another Day, ile ya ishirini, anaendesha gari lisiloonekana kwa macho. Sasa mtu mwenye gari kama hilo utamhofia nini? Mwaka huohuo ikatoka The Bourne Identity, ambamo jasusi anakabwa ndani ya nyumba na silaha anayoipata ni kalamu. Watazamaji wakaona tofauti.

Watengenezaji wakamrudisha Martin Campbell, mwongozaji aliyekuwa ameshamfufua Bond mara moja, mwaka 1995, kwa GoldenEye, baada ya miaka sita ya ukimya. Safari hii walikata mzizi wenyewe. Gari la ajabu likatupwa, na yule mzee wa kumgawia vifaa hayumo kabisa. Wakamchukua Daniel Craig, ambaye magazeti ya Uingereza yalimsema kabla hata hajaonekana, eti nywele zake si nyeusi. Wakarudi kwenye riwaya ya kwanza na kumfanya Bond mgeni kazini. Anakosea, anavuja damu, anampenda mwanamke na kumpoteza. Ule muziki wake maarufu tunanyimwa mpaka dakika za mwisho, anapojitambulisha kwa jina lake. Yaani jina analipata kwa jasho, kama sisi na hivi vyeti vyetu.

Jambo la pili, walimbadilisha adui. Katika riwaya, Le Chiffre alikuwa mtu wa Wasovieti. Mwaka 2006 Umoja wa Kisovieti ulishavunjika zamani, kwa hiyo wakamfanya mtunza fedha wa magaidi. Anapokea hela za waasi, anaweka dau kwamba hisa za kampuni moja ya ndege zitashuka bei, halafu anatuma mtu alipue ndege yake mpya ili zishuke kweli. Bond anauharibu mpango, hela za watu zinapotea, na ndipo Le Chiffre anapolazimika kukaa kwenye meza ya karata azirudishe. Mifupa ya hadithi ni ya 1953, nyama ni ya wakati wetu.

Ila kuna sehemu hawakuifufua. Waasi hao tunaonyeshwa kambi yao Mbale, Uganda. Mbale ni mji wa kahawa chini ya Mlima Elgon. Vita vya waasi vilivyojulikana miaka ile vilikuwa kaskazini, upande wa Gulu, na picha yenyewe ilipigwa msituni Uingereza. Bond alipewa moyo mpya, sisi tukabakizwa mvua, matope na bunduki. Pale kibandani hakuna aliyeshtuka, hata mimi.

Nimeshtuka mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Niliwauliza Kidato cha Pili wanitajie jasusi wanayemjua. Bond alitajwa haraka sana. Nikauliza, "Na Willy Gamba?" Kimya. Mmoja akauliza kama ni mchezaji wa mpira.

Willy Gamba ni jasusi wa Elvis Musiba. Katika Kufa na Kupona, ya mwaka 1974, anatoka Dar es Salaam kwenda Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Haikuwa ndoto tupu: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Katika hadithi hiyo Nairobi ni mji wenye hoteli, magari na watu wenye akili, si msitu wa kupitia tu.

Wapo wanaosema Willy amepitwa na wakati kwa sababu utawala wa Makaburu uliisha mwaka 1994. Lakini Wasovieti wa Fleming nao waliisha. Adui akiondoka, anatafutwa mwingine, na sisi hatujapungukiwa: wapo wa pembe za ndovu, wa dawa za kulevya, wa kuwaibia wazee hela kwenye simu. Bond hakufufuka kwa sababu ni Mwingereza. Alifufuka kwa sababu kuna watu walikaa chini wakasoma tena kitabu cha kwanza.

Wengi wetu tunaosoma ualimu tutapangiwa shule zenye kabati moja la vitabu, na sisi ndio tutakaochagua kinachotoka humo. Kipindi kilichofuata niliwasomea Kidato cha Pili kurasa chache za Kufa na Kupona, nikaishia pale mambo yanapochachamaa. Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka. Yule wa mchezaji wa mpira akanyoosha mkono: "Ticha, si atapona?"

Nikamwambia kitabu kipo mezani.